Karatasi Tano za Chiriku

Kila Jumanne, kengele ya mwisho ilipolia, Chiriku hakuelekea nyumbani. Alipanda ngazi hadi chumba cha kompyuta, akapangusa vumbi kwenye kioo cha kompyuta ya tatu na kuanza kazi. Jina lake halisi lilikuwa kwenye rejista tu. Wenzake walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Mwaka huo chama chao cha kompyuta kilipata kazi ya kweli. Zahanati ya jirani iliomba tovuti ya kuwawezesha wagonjwa wa meno kuweka miadi kwa simu, maana daktari wa meno alikuja Alhamisi tu na foleni yake ilianza alfajiri. Chiriku ndiye aliyebuni ukurasa wa miadi. Badala ya maneno, alichora kitufe chenye picha ndogo ya kalenda, na kila alipokitazama alijisikia fundi kwelikweli.

Mwalimu wa kompyuta, mwanamke asiyepoteza maneno, alimkabidhi karatasi tano.

"Tafuta watu watano ambao hawajauona ukurasa huu. Mpe kila mmoja simu ya chama, mwambie aweke miadi, kisha ukae kimya. Usimwelekeze hata kwa kidole. Andika anachobonyeza, anaposita na anachosema."

"Na akishindwa, mwalimu?"

"Andika kwamba ameshindwa. Hatumpimi yeye, tunaupima ukurasa."

Chiriku alianza na fundi viatu wa njia panda. Mzee alishika simu kwa mikono miwili, akaipita picha ya kalenda, akabonyeza jina la zahanati, akarudi, akakuna kichwa. Uvumilivu ulimwishia Chiriku. "Si hapo, mzee! Hicho kikalenda!" Fundi akakibonyeza. Chiriku akaandika: "Ameweza."

Wa pili alikuwa mama mshonaji, jirani yao. Alionyeshwa kikalenda naye, akachagua Alhamisi, akarudisha simu. "Tayari, mwanangu." Haikuwa tayari. Chini kabisa kulikuwa na kitufe kingine kilichoandikwa "Thibitisha", naye hakukiona. Chiriku akakibonyeza mwenyewe haraka haraka na kuandika: "Ameweza bila shida."

Zilibaki karatasi tatu. Jua lilikuwa kali, na miguu ilikuwa imechoka. Alizijaza nyumbani, mezani, akibadilisha kalamu ili zisionekane zimeandikwa kwa mkupuo mmoja.

"Wote watano?" mwalimu aliuliza kesho yake. "Hata mmoja hakukwama?"

"Hata mmoja." Neno likishatoka halirudi.

Ukurasa ukafunguliwa kwa watu wote. Wiki ya pili, Alhamisi mchana, Chiriku alipita kwa mama mshonaji kuchukua sketi yake. Alimkuta amejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu limevimba kama andazi.

"Shikamoo, mama. Pole! Hukwenda kwa daktari?"

"Marahaba. Nimekwenda. Tangu asubuhi nimekaa kwenye benchi, kumbe jina langu halimo kwenye orodha. Nafasi zote zimejaa, nimeambiwa nirudi wiki ijayo." Alisimamisha cherehani. "Si kosa lenu, mwanangu. Juzi nilibonyeza kikalenda kwenye simu yangu kama ulivyonionyesha, nikachagua siku. Kichwa changu tu ndicho kizito."

Chiriku alijua mama yule alikwama wapi. Alimwona kwa macho yake, akaandika uongo. Na sasa mwenye maumivu ndiye aliyekuwa akijilaumu. Aliiacha sketi palepale, akakimbia kurudi shuleni.

Mwalimu alikuwa akifunga madirisha. Chiriku alimweleza yote: kikalenda, kitufe cha mwisho, karatasi tatu za kubuni, hata kalamu alizobadilisha. Machozi yalimtoka kabla hajamaliza.

"Kwa nini?" mwalimu aliuliza.

"Nilitaka ionekane kazi yangu ni nzuri."

Mwalimu hakumgombeza. Alimpigia simu muuguzi wa zahanati, akamwomba aandike miadi daftarini kama zamani mpaka ukurasa urekebishwe. Kisha akamgeukia Chiriku. "Muuguzi anakusubiri. Nenda ukamweleze mwenyewe, na umwombee mama mshonaji nafasi. Kesho utawaambia wenzako. Halafu utaanza upya."

Muuguzi alisikiliza, akatikisa kichwa, akapekua daftari. Kulikuwa na mgonjwa aliyeahirisha kuja jioni ile. Kabla ya jua kuzama, jino la mama mshonaji lilikuwa limeng'olewa.

Safari hii Chiriku alitafuta watu watano wa kweli, akakaa nao kimya, ulimi ukimwasha kama upele. Wanne waliipita picha ya kalenda. Watatu waliondoka bila kuthibitisha. Mmoja, mwuza mboga, alikiona kitufe cha mwisho lakini akauliza, "Nithibitishe nini tena, na siku nimeshachagua?" Chiriku aliandika kila neno. Kisha akakifuta kikalenda chake alichokipenda, akaweka maneno "Weka miadi", na chini, kwa herufi kubwa, "Maliza kuweka miadi". Alijaribu tena kwa watu watano wengine. Wanne walimaliza wenyewe. Wa tano alikwama kwa kuwa herufi zilikuwa ndogo kwa macho yake. Zikakuzwa.

Mwalimu alisoma karatasi zote kumi, zenye makosa na michirizi ya wino, kisha akaziweka kwenye jalada la chama.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua," alisema. "Kosa likiandikwa hapa, tunalirekebisha sisi kwa dakika kumi. Likifichwa, hubebwa na mtu mwingine, tena asiyejua limetoka wapi. Kazi nzuri haianzi kwa kusifiwa, mwanangu. Huanza kwa kusema kweli juu ya mahali ilipoharibika."

"Nimeelewa, mwalimu," alisema Chiriku, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.