Mmoja Akae

Asubuhi ile dobi alikunja mashati ya baba yake mara mbili. Mara ya kwanza hayakukaa sawa kwenye begi, na kazi ya ovyo ilimkera hata akiwa safarini. Walikuwa wamekaa wiki tatu katika nyumba ya wageni, ghorofa ya pili, wakingoja jicho la baba lipone baada ya upasuaji. Leo walikuwa wanarudi kwao. Basi lao lilikuwa la saa nne.

"Natangulia stendi na mizigo, baba," binti alisema. "Wewe maliza chai yako."

"Nenda, mama. Nitakukuta."

Hakuna aliyeuliza watakutana wapi. Stendi ile ilikuwa na milango mitatu na watu tele. Lakini ndivyo walivyozoea. Baba alikuwa tarishi kwa miaka thelathini, akipeleka barua kwa miguu. Alijua nyumba ya kila mtu. Mzee wa namna hiyo haagi. Anashika njia tu.

Dobi alikuwa anaingiza begi kwenye buti la basi ardhi ilipotikisika. Vioo vya ofisi ya tiketi vilipasuka. Watu walianguka, wakainuka, wakakimbilia uwanjani. Tetemeko halikufika hata dakika moja. Lilipokwisha, palibaki vumbi na sauti za watu wakiitana.

Aliacha begi humo kwenye buti, akakimbia hadi nyumba ya wageni. Jengo lilikuwa bado limesimama. Lakini ukutani palikuwa na ufa unaopitisha mkono. Mlinzi alikuwa amefunga mlango kwa kamba.

"Baba yangu yuko wapi? Mzee mwenye bandeji jichoni!"

"Ametoka mzima, dada. Amekwenda stendi kukutafuta."

"Ana simu yake?"

"Ameiacha juu. Alitaka kuifuata, nikamkatalia. Na wewe nakukatalia. Ardhi inaweza kutikisika tena wakati wowote. Jengo lenye ufa halimsubiri mtu ashuke ngazi."

Dobi akageuka, akakimbia stendi. Karani wa tiketi alimkumbuka mzee. "Alikuja hapa akakuulizia. Sasa amekwenda hospitali." Dobi akaenda hospitali. Nesi wa mlangoni akasema, "Ametoka sasa hivi. Amerudi mlikofikia." Dobi akarudi nyumba ya wageni. Mlinzi alipomwona alijishika kichwa.

"Dada, mmepishana tena! Ameondoka hapa robo saa iliyopita."

"Kuelekea wapi?"

"Hakusema."

Hakusema! Dobi alitamani kucheka, akajikuta analia. Alifanya mzunguko ule mara nne. Alipiga simu hospitali na nyumba ya wageni, lakini hazikuita. Akapiga tena na tena mpaka chaji ikabaki kidogo.

Saa nane alikaa uwanjani, stendi, miguu ikimuuma. Kila mtu pale alikuwa na mtu wake. Mwanamke mmoja alikuwa anahesabu watoto wake, na wote walikuwepo. Mwanamume alikuwa anammiminia mkewe maji anawe vumbi. Dobi hakuwa na wa kumuuliza hata kama amekula. Katika mji wote ule, aliyejua jina lake alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyepotea. Hakuwahi kujisikia mpweke namna ile.

Kondakta wa basi lao, lililokuwa bado halijaondoka, alimwita. "Panda, dada. Hili ndilo basi la mwisho leo. Wanafunga daraja walikague."

"Na baba yangu?"

"Yule ni mtu mzima. Huenda ametangulia."

Dobi alisimama karibu na mlango wa basi. Je, kama kweli ametangulia? Na kama bado yuko mjini, na jicho moja, bila simu? Aliweka mguu kwenye ngazi. Akautoa.

Mama mmoja aliyevaa kizibao cha njano alikuwa anaandika majina kwenye ubao mkubwa uliotundikwa ukutani mwa uwanja. Alikuwa mfanyakazi wa uokoaji. Alimwona dobi, akamsogelea.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

Dobi akamweleza yote. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza.

"Wewe umemtafuta mara nne. Na yeye?"

"Naye ananitafuta. Kila ninakofika, ametoka."

"Basi hamtafutani tena. Mnakimbizana. Mkiendelea hivyo, mtapishana mpaka kesho. Mmoja akae."

"Nikae, mama? Nikae tu, na baba haonekani?"

"Kukaa ndiko kugumu, najua. Miguu inataka kwenda. Lakini ukikaa mahali pamoja, na mahali hapo pakajulikana, unaonekana. Niambie, mna ndugu nje ya mji huu?"

"Yuko shangazi. Dada yake baba."

"Umemwambia mlipo?"

Dobi aliinamisha kichwa. "Ana presha. Sikutaka kumshtua."

"Hapo ndipo mnapokosea wengi. Ndugu wa mbali ndiye wa kuwaunganisha. Ninyi wawili hamjui mlipo, lakini nyote mnaweza kumpata yeye. Na usipige simu. Laini zimejaa. Andika ujumbe mfupi. Ujumbe hupenya pale simu inaposhindwa, na haumalizi chaji."

Dobi akaandika: *Shangazi, tetemeko limepita. Mimi mzima. Baba alitoka mzima, tumepotezana. Niko uwanja wa stendi, chini ya ubao wa majina. Siondoki. Akikupigia mwambie aje hapa.*

Mama yule akaandika majina yao mawili ubaoni. Kondakta akapuliza filimbi. Basi la mwisho likatoka na begi la mashati, na dobi akalitazama mpaka likakata kona.

Jibu lilikuja baada ya nusu saa. *Nimepata. Hajanipigia. Kaa hapo hapo.*

Akakaa. Ardhi ikatikisika tena kidogo, watu wakapiga kelele. Dobi akainuka, akatazama upande wa hospitali. Vipi kama baba yuko pale sasa hivi? Akajilazimisha kukaa. Mara ya pili alifika hadi mlangoni mwa uwanja, akarudi. Kulikimbilia kila jengo mjini kungekuwa rahisi kuliko kukaa pale.

Saa kumi na moja simu ikalia mara moja. *Amepiga kwa simu ya nesi. Analia. Anakuja. USIINUKE.*

Baba aliingia kwa mlango wa mashariki, bandeji imekuwa nyeusi kwa vumbi. Alitembea polepole, yeye ambaye hakuwahi kutembea polepole. Alipomfikia binti yake alimshika mkono wa gauni, kama mtu anayepima kitambaa, asiuachie.

"Baba, kwa nini hukumpigia shangazi mapema? Namba yake unaijua kwa moyo."

"Niliogopa presha yake. Nikasema nikupate kwanza. Mara ya mwisho kule hospitali waliniambia kuna waliofunikwa bado hawajatambuliwa. Nilifunua shuka saba, mama. Saba, kwa jicho hili moja. Nilipomaliza ndipo nikampigia dada yangu. Sikupiga kuuliza ulipo. Nilipiga kumwambia nimekupoteza."

Dobi alimfuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge chake, wakakaa chini ya ubao.

Kesho yake daraja lilifunguliwa, wakasafiri. Njiani walipitia kwa shangazi, naye akawapokea mlangoni, mkono kiunoni.

"Presha yangu mnaifanya kisingizio!" alifoka. "Dawa nakunywa. Kinachonipandisha ni kufichwa."

Siku hiyo hiyo waliweka makubaliano. Likitokea jambo, wanakutana kwenye ngazi za shule ya msingi ya mtaani kwao. Wa kwanza kufika anakaa. Kila mmoja anamwandikia shangazi. Namba yake wote wanaijua kwa kichwa, na imeandikwa pia kwenye karatasi ndani ya kila mfuko.

Mwaka uliofuata moto ulizuka sokoni mchana, watu wakatawanyika. Dobi alitoka kibandani kwake na pasi mkononi. Alimwandikia shangazi, akaenda moja kwa moja shuleni.

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu, kofia magotini. Alisogea kumpa nafasi.

"Kaa, mama," alisema. "Nilijua utakuja."