Kipande Kimoja cha Soseji

— Nalianya, nimepanda basi kutoka Webuye kuja kula sukuma wiki?

Mama yake Nalianya alilisukuma bakuli mbele. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya stovu, katika chumba changu mtaani Huruma, Nairobi, nikiangalia miguu yangu. Ilikuwa 1996, na siku hiyo mama alikuja kuniona mimi, msichana ambaye mwanawe alitaka kumwoa.

— Mama, hii si sukuma ya kawaida, Nalianya alisema. — Ni supu ya Wareno.

— Na kuku?

Kwa Wabukusu, mgeni kama huyo hakaribishwi bila kuku. Hata mimi Mkamba nilijua, na jogoo nilikuwa nimeshamchagua sokoni. Lakini Ijumaa Nalianya alinipigia simu kazini Buruburu, kwa Dona Grasa, Mreno ninayempikia.

"Kamene, achana na kuku. Nimemwambia Mama unapika vyakula vya ng'ambo. Mpikie ile supu ya kijani ashangae."

"Na akikasirika?"

"Niachie mimi."

Sasa nilikuwa nimemwachia, naye alikuwa akihesabu mabati ya paa.

— Msichana ni mchoyo, mama alisema, akivuta mkoba wake. — Tena hana ulimi.

Alisimama. Nikaona kwamba akitoka mlangoni, Nalianya naye ametoka maishani mwangu.

— Mama.

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini aligeuka.

— Wageni wa Dona Grasa pia huuliza. Yeye huwaambia hii ni supu ya watu wa mashamba. Viazi vinapondwa, sukuma inakatwa nyembamba kama tumbako. Na soseji ni kipande kimoja kwa kila bakuli. Hicho ndicho heshima ya mgeni.

Aliketi polepole.

— Wanateremshia nini?

— Mvinyo, Mama.

— Yesu wangu!

— Lakini mimi nimechemsha chai.

Akacheka puani. Akaonja. Akaonja tena, halafu akamega mkate, akachovya.

— Nani alikataza kuku?

Nalianya alikohoa.

— Mimi, Mama. Kamene alitaka kuchinja. Mimi nilitaka kujisifu.

— Nilijua. Baba yako ni hivyo hivyo.

Kisha akachungulia bakuli langu. Dona alikuwa amenipa vipande viwili tu vya soseji, na sisi tulikuwa watatu. Langu lilikuwa na majani matupu. Mama alichota kipande chake kwa kijiko, akakitia kwangu.

— Mama, hicho ni cha mgeni!

— Kwani hapa kuna mgeni? Kula, mwanangu. Nikirudi nitakuja na leso yako ya kuposwa. Siku hiyo ndiyo tutachinja.

— Na mimi, Mama? Nalianya aliuliza.

— Wewe utamshika kuku.