Jina Kwenye Majani

Kila siku baada ya masomo, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwa shangazi yake, akavua viatu mlangoni, akavuta kiti hadi kwenye meza kubwa ya dirishani na kuanza kusimulia. Nani kachelewa, nani kaanguka uwanjani, mwalimu wa hesabu kasahau miwani wapi. Jina la Chiriku hakupewa bure. Shangazi alimsikiliza huku mkono ukiendelea na kazi, na mara moja moja akaitikia, "Ehe."

Shangazi alikuwa mbunifu wa michoro wa kujitegemea. Hakuwa na bosi wala ofisi. Alikuwa na meza yake, rula ya chuma, makopo ya brashi na ukuta mweupe wa kubandikia kazi. Kila liliposikika shindano la ubunifu, aliingia. Alikwisha kushiriki mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja aliambulia barua ya kushukuriwa. Barua hizo alizitunza kwenye faili la kijani.

Safari hii ilitakiwa nembo ya maktaba mpya ya watoto, ichorwe kwa mkono na kupakwa rangi. Shangazi alichora kitabu kilichofunguliwa, akakibandika ukutani, akarudi nyuma hadi mlangoni na kukunja uso.

"Kimelala tu," alisema. "Hakina uhai."

Chiriku hakuishiwa mapendekezo. Jua je? Nyota? Penseli yenye miguu? Kwa wiki mbili alipendekeza, na kwa wiki mbili shangazi alicheka vizuri na hakuongeza chochote.

Siku ya Jumatano Chiriku alikuja na msichana aliyekaa naye dawati moja. Darasani walimwita Kimya, kwa kuwa aliweza kumaliza siku nzima bila kutamka maneno kumi. Shangazi alimkaribisha, kisha akafanya kama alivyofanya kila alipokwama: aliugeuza mchoro kichwa chini. Alizoea kusema kwamba jicho likishazoea kitu, huacha kukiona.

Kimya aliutazama kwa muda. "Sasa kimekuwa paa," alisema.

Shangazi aligeuka, akamtazama, akautazama mchoro. Kitabu kilichopinduliwa kweli kilikuwa paa la nyumba. Alichukua penseli na kuchora ukuta chini yake, mlango, watoto wawili wakiingia, na majani mbele ya kizingiti. "Mwanangu," alimwambia Kimya, "wewe una jicho."

Chiriku alisogeza kiti chake mbali na Kimya. Wiki mbili nzima! Na huyu kaja leo, kasema maneno matatu, tayari ana jicho. Tena ni yeye mwenyewe aliyemleta. Usiku aligombana na mto wake, na kesho yake darasani alisogeza daftari ili Kimya asione majibu.

Ijumaa jioni mchoro ulikuwa tayari. Shangazi alipotoka kwenda kuosha brashi, Chiriku alibaki nao peke yake. Ulikuwa mzuri, na uzuri huo ndio uliomuuma. Alichukua kalamu ya wino na katikati ya majani ya kijani akaandika kwa herufi ndogo sana: Chiriku. Wino ulikauka palepale, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumamosi asubuhi alimkuta shangazi akipitia masharti ya shindano kwa sauti kabla ya kufunga kazi yake. Bahasha ya jina lake ilikuwa mezani, imekwisha kufungwa kwa gundi. "Majina yakae ndani ya bahasha peke yake," alisoma. "Mchoro wowote wenye jina au alama ya kumtambulisha mtu utaondolewa. Mwisho leo, saa kumi jioni."

Chiriku aliyatupia jicho majani ya kijani. Kisha wazo baya likamnong'oneza: nyamaza. Majani ni mengi, shangazi hataona. Waamuzi wakiona wataiondoa nembo, na paa la Kimya litaondoka nayo. Kwa dakika nzima wazo hilo lilimpendeza.

"Unajua," shangazi alisema akikata karatasi ya kufungia, "hizo kumi na moja sikuziamini sana. Hii ninaiamini. Mbona leo huongei?"

"Shangazi, usifunge," Chiriku alisema, machozi yakimtoka. "Nimeiharibu." Akamwonyesha kwa kidole.

Shangazi aliinama akasoma. Hakufoka. Alikaa kitini, mikono magotini, na Chiriku akatamani angefoka. Hatimaye aliangalia saa.

"Saa nne na nusu. Wino huu haufutiki. Nitachora upya, lakini peke yangu sitawahi. Kamwite mwenzako. Na umwambie kwa nini."

Kumwambia ndiko kulikuwa kugumu. Kimya alikuwa akianika nguo nje ya kwao, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nakuonea wivu kila siku," alisema.

"Wewe? Kwa lipi?"

"Ukisema, watu wanasikiliza." Akaangika shati la mwisho, wakakimbia pamoja.

Shangazi alichora, Kimya akapaka kijani, Chiriku akapepea rangi kwa daftari mpaka bega likamuuma. Saa kumi kasoro dakika tano mzigo ulipokewa kwenye dirisha la ofisi ya shindano, na bahasha yake juu.

Mwezi ulipopita ilikuja barua ya kumi na mbili. Shangazi aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Nembo yao imechaguliwa. Chini ya jina lake yaliandikwa mengine mawili ya wasaidizi, kwa ukamilifu kama kwenye ripoti ya shule: la kwanza la Kimya, la pili la Chiriku.

"Asante kwa kuniweka," Chiriku alisema kwa sauti ndogo, "hata baada ya lile nililofanya."

"Baada?" Shangazi alitikisa kichwa. "Bahasha niliifunga Ijumaa asubuhi, ninyi mkiwa shuleni. Mwenzako alinipa paa. Wewe ulikaa nami hapa wiki mbili nisikate tamaa. Jina lako lilikuwa ndani tayari."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Wivu utakujia tena, hata mimi hunijia," shangazi alimwambia, akimvuta karibu. "Ukija, njoo uniambie, au mwambie mwenyewe unayemwonea. Lakini usiupe kalamu."

Barua ile haikuingia kwenye faili la kijani. Waliibandika ukutani, na Chiriku ndiye aliyemwachia Kimya achague mahali.