Vichupa vya Lorraine

Jumapili, mezani kwa akina Desjarlais mjini Thompson, mchuzi wa nyama ya mawindo ulinukia vizuri. Lorraine hakuuonja. Baba yake alikuwa akimsifu Yvette tena.

"Mdogo wako yuko maabara kubwa ya Winnipeg. Juzi katajwa redioni!"

Lorraine aliona wivu. Yeye naye alikuwa fundi wa maabara, katika hospitali ndogo ya hapo mjini. Ndiye aliyewapata bakteria wa homa ya uti wa mgongo kwa mtoto mgonjwa, tena bakteria wasio wa kawaida. Yvette alikuwa ameomba apewe bakteria hao mara mbili. Mara zote mbili Lorraine alimnyima.

Kesho yake, Mzee Orest, fundi mwenzake, alimkuta mlangoni pa friza.

"Unachungulia tena, binti? Hicho kichupa cha bakteria wako hakina miguu."

"Nahakikisha kipo."

"Kikiyeyuka na kuganda kila siku, bakteria watakufa. Otesha wapya, uwagawe kwenye vichupa vitano. Tia glisarini, baridi isiwaue. Andika namba na tarehe kwa wino usiofutika. Kisha viwili mpelekee Yvette."

"Nimpe yeye ajipatie sifa? Thubutu!"

"Na friza yetu ikiharibika? Tuma na barua ya makubaliano. Iseme sampuli imetoka kwa nani na ni ya kazi gani. Jina lako halitapotea."

Lorraine alinuna siku mbili. Ya tatu alifanya yote, akatuma viwili pamoja na barua, shingo upande. Vichupa vilifungwa tabaka tatu na kuwekwa kwenye barafu kavu, kama sheria inavyotaka.

Lakini wivu haukuisha. Ijumaa, kabla ya likizo ndefu, alifungua friza kuvihesabu vitatu vilivyobaki. King'ora cha friza kikalia. Alikizima, wenzake wasijue. Barafu ilikuwa imeota pembeni mwa mlango, nao haukufunga vizuri. Lorraine hakuangalia. Akaenda zake.

Jumanne alikuta maji sakafuni. Alijaribu kuotesha bakteria wake. Siku mbili zikapita, hakuna kilichoota.

Ndipo daktari alipokuja mbio. "Mtoto wa pili ameugua, shule ileile! Lazima nijue kama ni bakteria walewale, nijue chanjo ya kuwapa wenzake. Sampuli ya kwanza iko wapi?"

Lorraine alimweleza ukweli, uso umemwiva kwa aibu. Kisha akapiga simu.

"Yvette, mdogo wangu... vile vichupa..."

"Ehe! Leo nimekuwa mdogo wako?"

"Nicheke baadaye. Vyangu vimekufa. Nimeviua mwenyewe, na sasa mtoto wa pili ameugua."

Yvette aliacha kucheka. "Vyako vipo, dada. Kimoja friza hii, kimoja friza ya jengo la pili. Leta sampuli ya huyo mtoto, tunaanza leo."

Jibu lilikuja: ni walewale. Shule nzima ikachanjwa. Mtoto wa pili alipona, na hakuna wa tatu aliyeugua.

Ripoti ya maabara ya Winnipeg nayo ilifika. Lorraine aliisoma haraka akitafuta jina la Yvette. Lilikuwa mwishoni. Juu kabisa paliandikwa: Sampuli ilipatikana na kutunzwa na Lorraine Desjarlais. Alilisoma neno "kutunzwa" mara mbili, akainamisha kichwa.

Siku hizi kila sampuli anaigawa, na nyingine anazituma bila kuombwa. King'ora hakigusi.

Jumapili baada ya ripoti ile, mezani, baba alianza, "Lorraine wangu, mji mzima unakutaja!"

"Baba," alimkatiza, "leo msifu Yvette." Akavuta bakuli la mchuzi, akala.