Kiuno cha Daftarini

Siku ya soko kule Chwele, mwenye bodaboda alimtazama Jelimo kuanzia kichwani mpaka viatuni, akawakonyeza wenzake.

"Madam, si utafute pickup? Hii tairi yangu ni ya mtu mmoja."

Jelimo alikuwa amevaa rinda la kitenge la manjano, kazi ya mikono yake, maana yeye ni fundi wa nguo mjini Kitale. Akakumbatia furushi lake la vitambaa. Kuchekwa mwili alikuwa amekuzoea kama kiatu kinachobana. Unatembea nacho, lakini kidole kinaumia tu.

"Wewe!" Sauti ilitoka katikati ya magunia ya vitunguu. "Asubuhi si nimekuona umebeba kondoo watatu na bibi yako juu? Dada mmoja ndiye amekushinda?"

Soko likaangua kicheko. Mwenye sauti alikuwa kijana mrefu, maganda ya vitunguu yamemjaa nyweleni.

"Mimi naitwa Wakhungu, wa Bungoma. Na wewe?"

"Jelimo."

"Jerimo."

"Je-li-mo, bana!"

"Si ndio nimesema, Jerimo?"

Jelimo akacheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Kila jioni simu.

"Jerimo wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ai, si nimekwambia nimekula!"

Alikuwa anadanganya. Nyumbani kwao Matisi, mama yake, Chelagat, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu, na hofu yake ilipitia mdomoni. "Hiyo chapati ya pili ni ya nani? Watu wa Bungoma, wa kwao Wakhungu, wanakuja kukuona, na wewe ni tumbo tu! Watasema ninawapa ghala." Sisi akina mama tunadhani tunafunza, kumbe tunachoma. Neno la mtu wa barabarani huachwa barabarani. Neno la mama hulala na mtoto kitanda kimoja.

Jelimo akanunua majani ya kupunguza mwili kwa mchuuzi asiyemjua, akawa anayanywa tumbo tupu, asubuhi na jioni. Na kwenye daftari lake la vipimo, ambamo kila mteja ana ukurasa wake, akajiandikia wake: kiuno inchi thelathini na mbili. Utepe ulikuwa umesema thelathini na tisa. Yeye akaandika alichotamani.

Wiki mbili kabla ya wageni kuja, Wakhungu akaingia dukani kwa Jelimo na kifurushi. Rinda la zambarau, lesi mabegani, limeshonwa Bungoma. Jelimo akakimbia nyuma ya pazia kulijaribu. Zipu ikafika katikati ya mgongo, ikagoma.

Alipotoka, alimtupia rinda lake.

"Kumbe hata wewe! Ungesema tu unataka msichana mwembamba."

"Jerimo, ngoja kwanza..."

"Rudi Bungoma. Tafuta wa kulivaa!"

Akapigiwa simu mara kumi na moja, hakushika hata moja. Akaongeza majani. Siku ya nne, saa nne asubuhi, akishona yunifomu za shule, macho yakaingia giza. Sindano ikapita ukucha, naye akaanguka chini na kiti.

Chelagat alifika kliniki amevaa viatu viwili visivyofanana.

"Mama, huyu ana njaa," muuguzi akamwambia. "Na hayo majani yamemkausha maji. Mngechelewa, tungekuwa na habari nyingine. Lakini atapona."

Chelagat akakaa sakafuni. "Ni mimi," akasema. "Ni huu mdomo wangu." Kisha akachukua simu ya binti yake, akampigia Wakhungu mwenyewe.

Kijana akafika bado ananuka vitunguu, kifurushi kile mkononi.

"Jerimo, lile rinda nilishonesha na vipimo vyako. Siku ile ulienda kununua uzi ukaniacha dukani, nilipiga picha ukurasa wako wa daftari. Fundi wa Bungoma aliniuliza mara mbili, 'Ni yule wako tunamjua?' Nikamwambia, yule ni fundi, hawezi kukosea."

Jelimo akageukia ukuta. Mabega yakatikisika. Wakadhani analia, kumbe anacheka na kulia pamoja.

"Niliandika uongo."

"Kwa nini? Mimi pale Chwele nilikuona mzima hivi hivi. Kuna siku nililalamika?"

Chelagat akamimina uji kutoka kwa chupa ya chai. Kikombe kikaisha, akajaza tena. "Cha pili," akasema polepole. "Na cha tatu kipo, mama."

Nyumbani, Chelagat ndiye aliyeshika utepe. "Thelathini na tisa," akasoma kwa sauti. "Andika." Jelimo akaandika. Wakafumua rinda, wakatia kitambaa ubavuni, na zipu ikapanda mpaka juu bila kubishana.

Wageni wakaja. Nabwile, mama yake Wakhungu, alishuka na kuku kwapani, akampita kila mtu mpaka kwa msichana wa rinda la zambarau. Akamshika mikono yote miwili.

"Nimesikia uliugua, mwanangu. Leo umekula?"

Chelagat akamgeukia binti yake.

"Nimekula, mama," Jelimo akajibu. "Chapati tatu."

Na siku hiyo ilikuwa kweli.