Mlango wa Wino

Kilichoanza ni harufu ya wino mbichi. Mwatumu aliisikia asubuhi alipoingia kazini, nyumbani kwa Bi Otilia kule Sugar Land, Texas, akadhani bibi wa watu kaurudia uchoraji na miaka yake themanini na sita. Wapi! Bibi alikuwa kitini kwake, mikono misafi, na patasi zake za kuchongea zimelala kabatini na vumbi lake. Harufu ilitoka koridoni, kwenye ile picha.

Na picha yenyewe, jamani, haikuwa ya kutundikwa mahali watu wanapopita. Bi Otilia aliichapa zamani, aliporudi kutoka Pangani na ubao wa mlango alioung'oa kwenye gofu ambalo wenyeji walimkataza hata kuligusa. Akauchonga ubao, akaupaka wino, akagandamiza karatasi moja tu, ubao ukapasuka vipande viwili. Ndiyo maana watu wa makumbusho walikuwa wakija kumbembeleza awauzie: hakuna nyingine duniani. Ilikuwa ya ule mtindo wa mistari iliyopindwa makusudi ili hofu ionekane kabla ya kitu chenyewe. Mlango mweusi ulioachwa wazi kidogo, na kwenye upenyo mwanamke anachungulia. Mwatumu alizoea kuipita upesi upesi, macho kayapeleka pembeni.

Lakini siku hiyo nani ana habari na picha? Siku hiyo Mwanahawa alikuwa anatua! Binti yake, aliyemwacha Tanga ana miaka minane, sasa ana kumi na minne, viza imetoka baada ya kunyimwa mara mbili. Ndege saa tisa alasiri, kazi inaisha saa saba. Mwatumu alikuwa jikoni anakoroga uji wa bibi huku anacheka peke yake.

"Hodi," ikasema sauti.

Sauti ya kiungwana, kama ya jirani aliyekuja kuomba chumvi. Miaka sita Marekani hakuna aliyewahi kumpigia hodi. Huku watu wanabonyeza kengele. Moyo ukamruka kwa furaha, na kabla akili haijafika, mdomo ulishajibu: "Karibu!"

Nyumba ikanyamaza. Hata friji iliacha kunguruma.

Akasikia kilio nyuma yake. Bi Otilia alikuwa amesimama, yeye asiyesimama mpaka ashikwe, machozi yanamtiririka.

"Nisamehe, binti," akanong'ona kwa Kiswahili chake cha Pangani. "Miaka arobaini na mbili. Na mimi nilimjibu. Picha nimeichoma mara tatu, kila asubuhi naikuta ukutani. Hapa hakuna anayejua kuitikia hodi. Ndiyo nikawaambia wakala wanitafutie mlezi anayesema Kiswahili."

"Unasema nini, Bibi?"

"Hakuachii mpaka apate mwingine wa kumjibu. Sasa amekupata wewe. Na wewe tafuta mtu."

Akafungua mlango wa mbele, akatoka. Mwatumu hakuwahi kumwona akivuka kile kizingiti, akadhani ni uzee tu. Bibi akakanyaga majani peku, jua la Texas likimchoma kichwa cheupe, akaenda zake bila kugeuka.

Mwatumu akamkimbilia. Akavuka mlango, na mguu wake ukatua koridoni, mbele ya picha. Akarudi mbio, akavuka tena, koridoni. Akajaribu mlango wa jikoni, koridoni. Akapanda dirisha la chooni akichubuka magoti, akajirusha nje huku akisoma Ayatul Kursi kwa sauti inayokatika, na majani aliyoyaona chini yake yakawa zulia, na zulia lile lilikuwa la koridoni, na pale ukutani, kwenye upenyo wa ule mlango mweusi, hakuwapo tena mwanamke wa siku zote bali mwanamke mwenye ushungi wake yeye, ule wa maua ya zambarau aliouvaa ili Mwanahawa amtambue upesi.

Akampigia simu Christelle, Mrundi anayeishi naye Missouri City, mji wa jirani.

"Nenda uwanja wa ndege ukanipokelee mtoto. Mpeleke nyumbani."

"Una nini, dada? Mbona sauti hiyo?"

"Usimlete huku. Hata akilia. Nakuomba kwa Mungu, usimlete!"

Saa kumi na mbili, jua bado kali, gari likasimama nje. Mwatumu akachungulia dirishani. Weee! Mtoto amekuwa mrefu hivi!

"Dada, usikasirike," Christelle akaita. "Amekataa kula. Anasema miaka sita imetosha. Fungua!"

"Hodi! Mama, ni mimi. Hodi!"

Mwatumu akafunga kitasa mara mbili, akapiga magoti nyuma ya mlango, akashindilia ncha ya ushungi mdomoni. Akitamka neno moja tu, mtoto atang'ang'ania kuingia. Na yule amelelewa na bibi yake Tanga. Akiingia, hataiacha hodi ya koridoni ipite bila kuitikia.

"Mama, hunitaki?"

Akauma kitambaa mpaka fizi zikatoa damu. Nje, kilio. Kisha nyayo zikaanza kuondoka polepole, na Mwatumu akamshukuru Mungu kwa uchungu ambao hakuwahi kuujua.

"Karibu, mwanangu," ikasema sauti koridoni, sauti yake mwenyewe, imejaa upendo wote wa miaka sita. "Ingia. Mlango uko wazi."

Kitasa kikajifungua. Mwatumu akaung'oa ushungi mdomoni apige kelele, ikatoka pumzi tupu.

Nje, nyayo zilikuwa zinarudi mbio.