Ng'ombe wa Kuokota

Kila Jumamosi, Agustina akishateka maji na kufagia uwanja, alikaa kando ya mama yake kuchungulia simu. Mama Agustina alikuwa mfasiri hapo Issenye, na alikuwa na kikundi cha wafasiri wenzake mtandaoni. Humo walibishana kutwa juu ya neno moja. Agustina aliwacheka. Watu wazima hawajui maneno!

Siku hiyo daktari wa mifugo, mgeni aliyekuwa kijiji cha Kisaka, alituma ujumbe kwa Kiingereza. Alitaka mzee Waitara aelezwe habari za ng'ombe wake waliopotea: "Picked up by Rubeni of Kisaka."

"Usiguse simu," mama alisema akienda kukamua. "Hapa pana neno lenye maana mbili. Nimewauliza wenzangu."

La kuuliza ni lipi? Agustina akamwandikia Waitara, kana kwamba ni mama: "Ng'ombe wako wamechukuliwa na Rubeni wa Kisaka."

Haikupita muda, yowe likapigwa. Vijana wakarukia bodaboda kwenda Kisaka, wakiwa na mapanga na marungu yao.

Mama alirudi mbio, akafungua simu. Mfasiri mmoja wa Dodoma alikuwa amejibu: "Hapo ni ameokota. Ukiandika amechukua, umemwita mwizi." Kisha mama akaona ujumbe uliokwisha kwenda. Akampigia Waitara. Hakupokea.

"Panda!" alimfokea Agustina, akisimamisha bodaboda.

Huko Kisaka walimkuta Rubeni chini, kichwa kimepasuka, damu imejaa machoni. Rungu lilitua tena mgongoni, akapiga kelele. Kijana mmoja akainua panga.

"Msimuue!" Agustina alijitupa mbele yao, akilia. "Si mwizi! Aliwaokota! Niliyeandika ni mimi, si mama!"

Waitara akaudaka mkono wenye panga. "Mura, kijana, acha!" Zizini ng'ombe wake walikuwa wakitafuna majani, wazima wote.

Rubeni alishonwa kwenye zahanati. Agustina alipiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, baba. Nisamehe."

"Marahaba. Umeniponza, na umeniokoa," Rubeni alijibu kwa taabu.

Waitara aliinamisha kichwa. "Na mimi nilishika rungu kabla ya kuuliza. Matibabu yako ni juu yangu."

Mama akamwinua binti yake. "Wenzangu wale ni wakongwe wa kazi hii, na bado wanaulizana. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Leo neno ambalo hukuliuliza nusura limzike mtu aliyetutunzia ng'ombe."